Bahari Haikufika Ujiji



Nimeombwa nizungumzie samaki mbele ya watu wa Tabora, mji usio na bahari wala ziwa, na nimekubali kwa moyo mkunjufu. Mji huu umekaa katikati ya njia iliyounganisha maji mawili yenye utajiri mkubwa wa samaki. Mashariki njia ilianzia Bagamoyo, mbele ya miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi. Magharibi iliishia Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa miongoni mwa watu wachache duniani walioyaona maji yote mawili kwa macho yao, tena kwa miguu yao.

Ukizama kwenye mwamba wa Chumbe au wa Mafia, utaona makumi ya aina za samaki ndani ya eneo lisilozidi ukumbi huu: wanaoguguna matumbawe, wanaokwangua mwani, wanaovizia wenzao, wanaojificha mashimoni. Ukizama kwenye majabali ya Kigoma utaona jambo linalofanana sana na hilo: rangi za buluu, njano na nyeusi, kila samaki na kona yake, kila mmoja na chakula chake. Mgeni anaweza kudhani kwamba bahari imehamia bara. Swali langu la leo ni hilo. Jumuiya ya samaki ya namna hii hutokeaje? Huja kutoka kwingine ikiwa imekamilika, au huzaliwa palepale ilipo? Watu wenye elimu kubwa walilijibu swali hili vibaya, na kosa lao lilisafiri kwa njia hii hii iliyopita mlangoni kwenu.

Mwezi Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, wakapokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na maskani hapa. Februari 1858 waliliona ziwa. Pamoja nao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, ambaye safari za watafiti wengi waliofuata zilimtegemea yeye. Speke alikuwa mgonjwa wa macho, hata siku ile ya kwanza hakuweza kuliona ziwa vizuri. Hata hivyo aliokota makome ufukweni. Makome hayo yalirudi na msafara, yakapita Tabora, yakateremka mpaka pwani na hatimaye yakafika London. Mwaka 1859 mtaalamu S. P. Woodward aliyaeleza kwa maandishi, akaona jambo lililomshangaza: wanyama hao waliishi katika maji baridi, lakini makome yao yalikuwa na sura ya kibahari.

Konokono wa mito na mabwawa kwa kawaida huwa na kome jepesi, laini, lisilo na mapambo. Haya ya Ujiji yalikuwa manene, yenye matuta na mistari, kama yale yanayouzwa kwa watalii Unguja. Edward Hore, baharia wa Shirika la Misheni la London aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikusanya mengine ya ajabu zaidi, likiwamo moja lenye miiba mirefu ambalo leo linaitwa Tiphobia horei kwa heshima yake. Kisha mwaka 1883 akatokea Mjerumani Richard Böhm, ambaye kituo cha msafara wake kilikuwa Ugunda, kusini ya Tabora hapa. Yeye aliona ziwani mnyama laini kama ute, wa duara, anayeelea huku akifumba na kufumbua mwili wake. Watu wa pwani humwita konyeza, na wanamjua kwa mwasho wake. Konyeza katika ziwa lililo mamia ya kilomita kutoka baharini! Wasomi wa Ulaya waliona kwamba ushahidi umekamilika.

Aliyeukusanya ushahidi huo ukawa hoja moja kubwa ni J. E. S. Moore, Mwingereza aliyeongoza misafara miwili ya kisayansi, ya kwanza mwaka 1896 na ya pili mwaka 1899. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kinene, The Tanganyika Problem. Alidai kwamba zamani za kale, katika zama ambazo wanajiolojia huziita Jurasiki, bahari iliingia mpaka katikati ya Afrika, kisha ikarudi nyuma na kuacha nyuma yake dimbwi kubwa. Viumbe wa bahari waliobaki humo walizoea maji baridi polepole, na ndio hao konokono, kaa na konyeza tunaowaona. Kwa maneno mengine, Tanganyika ni kipande cha bahari kilichosahauliwa bara.

Moore alikuwa mtu makini. Aliyoyaona aliyaona kweli, na vielelezo alivyochukua vina thamani mpaka leo. Samaki mmoja mashuhuri wa ziwa, Tropheus moorii, ana jina lake. Lakini hitimisho lake lilikuwa batili. Mwaka 1904 na 1905 W. A. Cunnington alikwenda ziwani kulichunguza dai hilo, na kadiri alivyokusanya ndivyo dai lilivyopungua nguvu. Miamba ya eneo hilo haina mabaki ya viumbe wa baharini ambayo bahari ya Jurasiki ingelazimika kuyaacha. Konyeza wa maji baridi wameonekana pia katika maziwa na mito mingine ya Afrika. Na wanajiolojia waliofuata walionyesha kwamba ziwa hili limezaliwa na Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, ikadidimia, mito ikamimina maji humo. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Jurasiki iliisha miaka milioni 145 iliyopita. Ziwa haliwezi kuwa masalia ya bahari iliyotoweka kabla ziwa lenyewe halijazaliwa.

Basi makome yale manene yalitoka wapi? Jibu lake ndilo ufunguo wa mhadhara huu. Ziwani mna kaa wa jamii ya Platythelphusa, wasiopatikana popote pengine duniani, na baadhi yao wana magando yenye nguvu ya kuvunja makome. Konokono mwenye kome jepesi huliwa. Mwenye kome nene huponyoka na kuzaa. Vizazi vikipita, makome yananenepa. Kaa mwenye gando dogo hufa njaa. Mwenye gando kubwa hushiba na kuzaa. Magando nayo yanakua. Mashindano ya aina hiyo hiyo yanaendelea baharini tangu zamani, na huko pia yamezaa makome manene. Kwa hiyo sura ya kibahari haikuletwa na bahari. Imetengenezwa ziwani, kwa sababu konokono wa huku walikutana na adui wa namna ile ile. Sura mbili zinaweza kufanana bila kuwa na nasaba moja, na mtu anayesoma historia ya viumbe kwa kutazama sura peke yake atapotea kama alivyopotea Moore.

Sasa tuingie kwa samaki wenyewe.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal ya Urusi. Lakini hewa ya oksijeni haifiki chini. Ukivuka mita 100 hadi 200, kutegemea mahali, samaki hawezi kuishi. Uhai wote wa samaki umebanwa katika tabaka la juu na katika ukanda mwembamba wa ufuko: majabali hapa, mchanga pale, matope kwenye mdomo wa mto, kisha majabali tena. Tafadhali kumbukeni mpangilio huo wa jabali na mchanga kupokezana, maana nitaurudia.

Katika ukanda huo wanaishi samaki wa ukoo wa sikilidi, ndugu wa perege, sato na furu, wapatao spishi 240. Karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Yumo kuhe, ambaye urefu wake huzidi sentimita 70 na ambaye ni miongoni mwa sikilidi wakubwa kuliko wote duniani. Yumo pia samaki wa sentimita tatu au nne tu, ambaye nyumba yake ni kome tupu la konokono: hulala humo, hutaga humo, hulea humo. Sakafu ya ziwa katika baadhi ya sehemu imetandazwa makome matupu kwa eneo kubwa, na kuna spishi kadhaa zilizojipatia maisha juu ya mazulia hayo. Dume la Lamprologus callipterus hubeba makome kwa mdomo na kuyarundika mahali pake, majike huja na kuingia ndani kutaga. Dume lazima liwe kubwa ili libebe kome, jike lazima liwe dogo ili liingie ndani; matokeo yake dume linaweza kulizidi jike kwa uzito zaidi ya mara kumi.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi iliyochukua miaka mingi kandokando ya ziwa lote. Walisoma jenomu za takribani spishi zote hizo, wakapima maumbo ya miili na mataya na rangi zake. Waliona kwamba mgawanyiko ulifanyika ndani ya ziwa lenyewe, ukianza karibu na wakati ziwa lilipozaliwa. Hawakuja 240. Walikuja wachache kutoka mitoni, na ziwa likawafanya wengi.

Tena mgawanyiko huo haukwenda kwa mwendo mmoja. Ulikwenda kwa mawimbi. Mapema yalibadilika maumbo ya miili, yaani samaki waligawana mahali pa kuishi: huyu wa majini wazi, huyu wa jabalini, huyu wa mchangani. Baadaye walipomaliza kugawana mahali, waliokaa pamoja wakagawana chakula, na mataya yakabadilika. Mwishowe, na karibu zaidi na zama zetu, zikaja rangi na alama, ambazo kwazo samaki hutambuana na kuchaguana wakati wa kuzaana. Ninaupenda utaratibu huu kwa sababu una mantiki ambayo mtu yeyote aliyewahi kuishi na majirani anaielewa. Kwanza pa kukaa, pili cha kula, tatu wa kuoa.

Samaki hawa wana silaha moja iliyowawezesha kugawana chakula kwa undani wa ajabu. Wana taya la pili kooni. Taya la mbele hukamata. La nyuma husaga, kama kinu kilichowekwa ndani ya koo. Kwa kuwa kazi ya kusaga imehamia kooni, mdomo wa mbele uko huru kubadilika kwa kazi nyingine: kukwangua mwani, kufyonza mayai, kuchokoa wadudu kwenye nyufa. Mdomo wa Perissodus microlepis umekwenda mbali kuliko yote. Samaki huyu anaishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Humjia mwenzake kwa nyuma, na mdomo wake umepinda upande mmoja ili kuufikia ubavu vizuri: baadhi yao wamepinda kulia na hushambulia ubavu wa kushoto, wengine kinyume chake. Mjapani Michio Hori aliwafuatilia kwa zaidi ya miaka kumi, akachapisha matokeo mwaka 1993 katika jarida la Science. Idadi ya pande mbili hucheza karibu na nusu kwa nusu. Waliopinda kulia wakizidi, windo hujifunza kulinda ubavu wa kushoto, na hapo waliopinda upande mwingine hupata nafasi. Jumuiya inajisawazisha yenyewe bila msimamizi. Katika yote niliyosoma kuhusu viumbe hai, ni machache yaliyonipa furaha kama hili.

Taya la pili la kooni linapatikana pia kwenye miamba ya bahari. Pono wa Mafia husaga matumbawe kwa taya lake la koo, na mchanga mweupe wa fukwe nyingi za tropiki kwa sehemu umepita tumboni mwa samaki wa jamii yake. Kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka pono, sikilidi na wale samaki wadogo wa matumbawe wa jamii ya Pomacentridae katika kundi moja kwa sababu ya taya hilo. Uchunguzi wa DNA ulilivunja kundi. Sikilidi na Pomacentridae kweli wana ujamaa, ingawa wa mbali. Pono yuko kwenye tawi lingine kabisa na taya lake amelipata kivyake. Ni funzo la makome ya Speke kwa mara ya pili.

Sasa nirudi kwenye jabali na mchanga. Tropheus ni samaki mdogo wa majabalini anayekula mwani. Mama hubeba mayai na makinda mdomoni mpaka yawe na nguvu ya kuogelea. Hapendi kuvuka mchanga mpana wala maji ya kina. Kwa hiyo watoto huishi walipoishi wazazi, na wajukuu vilevile. Ghuba yenye mchanga kwa kilomita chache kwake ni kama bahari. Leo zinajulikana aina zaidi ya 100 za rangi za Tropheus kuzunguka ziwa: huyu mweusi mwenye mkanda wa njano, yule mwekundu, mwingine wa kijani. Mvuvi mzoefu akiletewa samaki hai anaweza kukisia ametolewa ufuko gani.

Ziwa lenyewe nalo limechangia kwa kupanda na kushuka. Katika vipindi vya ukame mkali wa zamani maji yalishuka kwa mamia ya mita. Majabali yaliyokuwa mbali yakakutana, samaki wakachanganyikana. Maji yalipopanda tena wakatenganishwa katika makundi mapya. Mara nyingine kuchanganyikana kulizaa damu mpya yenye uwezo mpya. Hata katika zama za misafara ziwa halikutulia. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliutafuta mlango wa Lukuga upande wa Kongo akaukuta umezibwa na mimea. Miaka michache baadaye mto ulizibuka, maji yakatoka kwa nguvu, ziwa likashuka na ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma. Anayetembelea leo mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 anaona jinsi maji yalivyo mbali. Na katika miaka ya karibuni maji yamepanda tena, yakafurika mitaa ya Bujumbura na Uvira.

Tuvuke sasa mpaka mwanzo wa njia, baharini. Huko mambo ni tofauti sana, na tofauti hiyo inaanzia kwenye malezi. Samaki wengi wa matumbawe huachia mayai au makinda yao yachukuliwe na mkondo. Makinda hayo ni madogo mno, huelea kwa siku nyingi, mengi kwa wiki kadhaa, na yanaweza kutua mbali sana na yalipozaliwa. Ndiyo maana samaki mmoja wa miamba yetu, Zanclus cornutus, mwenye milia myeusi na ya njano na pezi refu la mgongoni, anapatikana kuanzia Afrika Mashariki mpaka ufuko wa Amerika kwenye Pasifiki. Ni spishi moja kwa nusu ya dunia! Tropheus kwa umbali wa safari ya mtumbwi mmoja anakuwa na rangi tatu.

Kwa hiyo jumuiya ya mwamba wa matumbawe hukusanyika, na jumuiya ya jabali la Kigoma huzaliwa. Historia ya samaki wa matumbawe ni ndefu kuliko ya ziwa zima. Huko Monte Bolca, Italia, katika mawe yenye umri wa miaka ipatayo milioni 50, wamehifadhiwa wahenga wa koo nyingi zinazoishi leo kwenye miamba. Wakati ule kitovu cha utajiri huo kilikuwa katika bahari iliyounganisha Mediterania na Bahari ya Hindi. Arabuni iliposukumwa kaskazini ikakutana na Asia, njia hiyo ya maji ilizibwa, na kitovu kikahama polepole kuelekea mashariki, mpaka kwenye visiwa vya Indonesia kilipo sasa. Miamba yetu wenyewe, kama majengo, ni michanga. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi. Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mahali palipo mwamba wa Chumbe palikuwa nchi kavu. Maji yalipopanda matumbawe yalijenga upya, na makinda yaliyobebwa na mikondo yakaja kupanga. Pwani majengo ni mapya na wapangaji ni wa kale. Ziwani jengo ni la kale na wapangaji wamezaliwa humo humo.

Nilisema bahari haikufika Ujiji. Hata hivyo kuna ndugu wa samaki wa baharini waliofika, na ninyi nyote mnawajua, maana mmewala. Ni dagaa. Dagaa wa Kigoma wanaoshushwa kwenye reli na kuuzwa kwa visado sokoni Tabora ni wa spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na ukoo wao ni ule wa dagaa wa baharini. Mwaka 2008 wanasayansi waliosoma DNA yao walionyesha kwamba wahenga wao waliingia barani upande wa magharibi, bahari ilipofunika sehemu za Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita. Walibaki mitoni, wakaenea katika mito ya Afrika ya kati, na mmoja wa wazao wao aliingia Tanganyika. Hawakuja na bahari ya Moore. Walikuja kwa mito, kizazi baada ya kizazi, kutoka upande ambao misafara ya Tabora ilikuwa inaelekea. Wamefuatwa majini wazi na sangala na migebuka, wanaowala wao kama tunavyowala sisi.

Mto ulioko karibu nanyi zaidi unathibitisha habari hii ya mito. Malagarasi, ambao wapagazi waliuvuka kwa mitumbwi ya Wavinza na kulipa ushuru, una samaki wa Kongo ndani yake. Yumo bunju wa maji baridi, Tetraodon mbu, anayezidi nusu mita, ambaye pia anapatikana katika mto Kongo. Ziwa limekaa kati ya mto huo na Kongo, lakini samaki wa pande mbili ni ndugu. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba Malagarasi ni mzee kuliko ziwa, na kwamba kabla ardhi haijapasuka maji yake yalikwenda Kongo moja kwa moja. Katika mito ya namna hiyo ndimo walimotoka wale wachache waliozaa wale 240.

Hapa ndipo Tabora inapoingia ndani kabisa ya habari hii. Igombe inayopita kaskazini ya mji huu, na Ugalla ya kusini, zote ni matawi ya Malagarasi. Mvua inayonyesha juu ya paa la ukumbi huu ina njia ya kufika Ujiji.

Kinachotisha majabali ya ziwa si nyavu peke yake. Ni udongo pia, unaobebwa na maji kama hayo. Udongo ukishuka kutoka vilima vilivyokatwa miti, hutanda juu ya jabali, huua mwani, huziba nyufa. Jabali linageuka kuwa tope, na samaki aliyeishi hapo kwa maelfu ya vizazi hana kwingine. Mwanajiolojia Andrew Cohen na wenzake walilichunguza jambo hili upande wa Burundi miaka ya 1990, wakakuta kwamba palipoingia udongo mwingi aina za viumbe zilipungua. Pwani, mwamba ukifa, mkondo unaweza kuleta makinda kutoka mwamba mwingine, mradi mwamba mwingine upo. Tropheus wa ghuba moja hana mkondo wa kumrudisha. Ziwa Victoria limetuonyesha: sangara walipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 spishi za furu zinazokadiriwa kuwa 200 zilikuwa zimetoweka au kubaki kwa nadra sana. Furu hao walikuwa wamezaliwa ndani ya miaka 15,000 tu tangu ziwa lile lilipokauka na kujaa upya. Tanganyika imechukua miaka milioni karibu 10.

Joto nalo linapanda. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyikani na ya chini, na rutuba iliyoko chini haipandi kulisha vijani vidogo ambavyo dagaa hutegemea. Utafiti wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi. Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaana. Uamuzi ule uliumiza wavuvi na wachuuzi, pamoja na wa hapa sokoni, na bado naamini ulikuwa sahihi.

Tabora haina mamlaka juu ya hali ya hewa ya dunia, lakini ina mamlaka juu ya miombo yake na kingo za mito yake. Tumbaku ya mkoa huu hukaushwa kwenye mabani kwa kuni, na kuni hizo hutoka katika misitu inayoshika udongo wa Ugalla na Igombe. Mito hiyo inakoelekea kuna kinamasi cha Malagarasi na Muyovozi, kilichoandikishwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, kinachochuja tope kabla maji hayajafika ziwani. Kinamasi kikipewa udongo kuliko uwezo wake, au kikilimwa na kuchungiwa mpaka kimalizike, chujio hilo halitakuwapo.

Kwa hiyo ninawaomba wakulima wa tumbaku wapande miti ya kuni kwenye mashamba yao wenyewe na kujenga mabani yanayotumia kuni chache. Ninawaomba wafugaji wa nyuki, ambao asali yao ya miombo imeipa Tabora jina zuri tangu zamani, wapaze sauti zao katika vikao vya vijiji, kwa kuwa wao ndio wenye sababu ya kila siku ya kuutaka msitu usimame. Na ninawaomba madiwani waliomo humu wasimamie kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Kifungu hicho kinahusu Ugalla na Igombe kama kinavyohusu ufuko wa Ujiji.